Taarifa ya habari tunayo, maelezo hatuna: nani atatufanyia kipindi cha kila siku cha dunia kwa Kiswahili?

#1 MkaaBaraza (Amu)

Assalam aleikum wanabaraza. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka arudi kule kwenye ule wa Arsenal.

Nataka tuzungumze habari za dunia kwa sauti. Si runinga, si gazeti, si vile vipande vya TikTok. Nakusudia kipindi cha kila siku, cha nusu saa hivi, kinachoshika jambo moja tu na kulifuata mpaka mzizini. Wenye Kiingereza chao wanavyo mpaka wanachagua. New York Times walianza The Daily Februari 2017, The Guardian wakaja na Today in Focus mwaka 2018, The Economist wakatoa The Intelligence 2019. Ufundi wake si wa ajabu. Mtangazaji hamwiti waziri, wala yule "mchambuzi wa masuala ya siasa" anayechambua kila kitu kuanzia Gaza mpaka mbolea. Anamwita mwandishi aliyelala na kuamka na jambo hilo kwa miezi, kisha anamwuliza maswali ya mtu wa kawaida: ilianzaje, nani anafaidika, mbona sasa na si mwaka jana.

Kwa Kiswahili, taarifa za habari tunazo, tena za zamani na za heshima. BBC ilianza kututangazia Juni 1957, Sauti ya Amerika ikaja 1962, Ujerumani 1963, Wafaransa wakafika 2010. Wazee wa hapa walilelewa na sauti hizo na wakajua jina la waziri mkuu wa Pakistan kabla ya kujua la chifu wao. Siwadharau. Ila taarifa ya habari inakwambia kimetokea nini, basi.

Chukueni mfano unaotuhusu sisi wa Amu, yaani Lamu, kuliko mtu mwingine yeyote Kenya. Tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia na Somaliland walitia saini hati ya makubaliano Addis Ababa. Nilivyosikia mimi redioni: Ethiopia itapata njia ya bahari, Somalia imekasirika, kisha michezo. Hakuna uongo ndani yake. Lakini aliyekaa kwenye baraza letu la Mkunguni akayasikia hayo aliambulia nini?

Nusu saa ingeanzia mbali. Ingesema Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 100 na haina pwani tangu Eritrea ijitawale 1993. Kwamba hata baada ya hapo iliendelea kutumia bandari ya Assab, mpaka vita vya 1998 vilipoufunga mlango huo. Kwamba sehemu kubwa kabisa ya shehena yake sasa inapita Djibouti, na Djibouti hawabebi mzigo wa mtu kwa huruma. Ingesema Somaliland ilijitenga na Somalia ikajitangazia uhuru Mei 1991 na ikakaa zaidi ya miaka 30 ikitafuta wa kuitambua, ndiyo maana ilikuwa radhi kukodisha kilomita 20 za pwani kwa miaka 50. Na hapo mtangazaji angeuliza swali ambalo sikumsikia mtu akiliuliza: na Lamu je? Maana tarehe 2 Machi 2012 Meles Zenawi wa Ethiopia alikuja hapa hapa, akasimama na Kibaki wetu na Salva Kiir wa Sudan Kusini, ukazinduliwa mradi wa bandari ambayo wateja wake wakubwa tuliambiwa ni Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza likafunguliwa 20 Mei 2021. Halafu mteja mkubwa akaonekana akiuliza bei duka la pili. Hiyo ndiyo habari, yakhe! Desemba 2024 Uturuki ikawapatanisha Abiy Ahmed wa Ethiopia na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia mjini Ankara, nayo ikapita mbio vile vile kabla ya michezo.

Msimamo wangu ni huu: Kiswahili hakina njaa ya habari, kina njaa ya maelezo, na maelezo yenyewe yawe ya kila siku, kwa sababu mtu hujenga mazoea na kitu kinachokuja kila siku. Nauliza nani atafanya, na kwa fedha za nani.

#2 Mtoro_wa_Mokowe

Mleta uzi, mbona umekiruka kipindi cha DW, hao Wajerumani? Wana Maoni Mbele ya Meza ya Duara, wanakaa watu kadhaa wanajadili jambo moja mpaka linaiva. Na Dira ya Dunia ya BBC hujaisikia jioni?

#3 MkaaBaraza (Amu)

Naisikia na naipenda. Lakini Dira ya Dunia lazima ipite Kinshasa, Kyiv, Dodoma na uwanjani ndani ya kipindi kimoja. Meza ya Duara ni ya wiki, na ni majadiliano. Kila mgeni amekuja kutetea upande wake, msikilizaji anabaki refa asiye na kanuni za mchezo. Mimi nataka mtu mmoja asiye na upande anieleze kwanza mchezo wenyewe ni upi.

#4 FundiMasafa (Langoni)

Mimi naongea kama mtu wa vyombo, siasa nawaachia nyinyi. Watu wanadhani redio za nje zimefifia kwa kuwa hakuna msikilizaji. Sehemu ni kweli, sehemu nyingine ni mitambo. BBC walikuwa na mtambo Shelisheli, kisiwani Mahé, tangu 1988. Huo ndio ulioifanya London isikike hapa kama iko Shela. Ukazimwa Machi 2014. Mwaka uliofuata DW wakafunga wa Kigali.

Masafa mafupi hupanda juu, yakagonga tabaka la anga na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali. Mvuvi aliye nje ya Kiwayu alikuwa akiipata dunia kwa betri mbili na waya aliofunga mlingotini. FM haina ujanja huo, inakwenda kadiri mnara unavyoona, ukishapita hapo ni mchakacho mtupu. Intaneti nayo ni mnara ule ule, ukijumlisha bando.

Na bando lenyewe lina habari zake. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Durban, Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Miezi michache kabla yake nyaya nyingine zilikatika Bahari ya Shamu, na kidole kikubwa kilielekezwa kwenye nanga ya meli Rubymar, ambayo Wahouthi waliipiga kombora ikawa inaelea bila watu. Sasa hiyo, MkaaBaraza, ni nusu saa yako nyingine: vita vya Yemen mpaka simu ya mtu wa Kizingitini. Watu walimtukana mwenye mtandao na kulala.

#5 BintiShela

Kaka MkaaBaraza, baraza la Mkunguni ni lenu wanaume. Sisi tulio ndani ndio wasikilizaji wa kweli wa sauti, kwa kuwa mikono yetu ina kazi na masikio yako wazi. Nakaanga mahamri huku nasikiliza The Daily karibu kila asubuhi, kwa hiyo nakijua unachokisifu, tena nakijua na ubaya wake.

Ubaya wa kwanza: sauti inayokunong'oneza sikioni kila siku unaizoea kama ya ndugu, na ndugu hahojiwi. Hao hao New York Times walitoa mfululizo wa sauti mwaka 2018, Caliphate, kuhusu kijana wa Kanada aliyedai kuwa aliua watu akiwa na kundi la Dola ya Kiislamu Syria. Ukapewa tuzo. Septemba 2020 polisi wa Kanada wakamshtaki kwamba hadithi ni ya kubuni, na ilipofika Desemba gazeti likakiri kuwa halikuweza kuithibitisha, likarudisha tuzo. Simulizi ilikuwa tamu, imepangwa vizuri, mlango ukifungwa unausikia. Utamu ndio uliowaponza. Habari ya karatasi ungeisoma mara mbili ukashtuka.

Ubaya wa pili ni nani anachagua jambo la leo. Sudan ina vita tangu 15 Aprili 2023, Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ila kwenye vipindi hivyo vya Kiingereza Washington haikosi zamu. Ukichukua mtindo wao ukachukua na orodha yao ya mada, utakuwa umetafsiri Amerika tu.

Lakini nakubaliana nawe kwenye swali la "ilianzaje". Hilo ndilo linalokosekana. Mwanangu aliniuliza majenerali wa Sudan, Burhan wa jeshi na Hemedti wa kikosi cha RSF, wanagombania nini, nikamwambia madaraka. Jibu la mvivu hilo. Hawa wawili waliungana kumwondoa Bashir mwaka 2019, wakaungana tena kupindua serikali ya mpito Oktoba 2021, kisha wakashindwana kuhusu lini wapiganaji wa Hemedti waingizwe jeshini na nani atampigia saluti nani. Ukijua hivyo, vita vinaacha kuwa kama mvua iliyoshuka tu kutoka mbinguni.

#6 Kijana_wa_Ngomeni (Malindi)

Niwape upande wa Malindi. Shakahola ilipofumuka Aprili 2023, ule mkasa wa waumini waliofunga mpaka kufa, dunia nzima ilishuka kwetu na vinasa sauti. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule. Vikatengenezwa vipindi virefu vya sauti, vingine vizuri mno, kwa Kiingereza. Mimi nilisikiliza kadhaa. Kila wakati ni mtindo mmoja: mama anaanza kusema kwa Kiswahili, maneno matatu au manne, halafu sauti yake inashushwa na mtafsiri wa Kiingereza anampanda juu.

Nilikuwa nikiongeza sauti ya simu mpaka mwisho ili nimsikie yule mama chini ya mtafsiri. Maneno yake yalikuwa mazito kuliko tafsiri. Alivyoitaja njaa, alivyokwepa kulitaja jina la mtoto, yote yalifunikwa. Kipindi kuhusu sisi, na sisi ndio tusioweza kukisikia vizuri!

Ndiyo maana naunga mkono uzi huu, ila naweka sharti. Kipindi cha Kiswahili kisiwafanyie wengine vile vile. Mtu wa Khartoum akisema kwa Kiarabu, mwacheni aseme mpaka pumzi yake isikike ndipo mumtafsirie. Pwani hii wenye kuelewa Kiarabu si wachache.

Halafu nje ya mada kidogo: kila siku tunapita Ngomeni tunaona yale majukwaa ya Waitaliano baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka setilaiti pale, ya kwanza duniani kutengenezewa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Uhuru kwa ajili ya siku yetu. Shuleni sikuambiwa na mtu. Hiyo nayo ni nusu saa.

#7 Mtoro_wa_Mokowe

Nusu saa zimekuwa nyingi, tutasikiliza saa ngapi mechi?

#8 MhaririMstaafu

Wanangu, nimekaa chumba cha habari miaka mingi, acheni niwatoe ndotoni kidogo kisha niwarudishe.

Kipindi cha namna hii hakitengenezwi siku kinapotoka. Cha leo kilianza juma lililopita. Mahojiano yanarekodiwa saa moja, saa mbili, yanakatwa mpaka dakika 25. Kuna mtu kazi yake ni kupiga simu kuhakikisha kila tarehe na kila cheo. Kuna fundi wa sauti. Na kwa kuwa ni cha kila siku, lazima vipindi vitatu au vinne viwe jikoni kwa wakati mmoja, kimoja kikiungua kingine kipakuliwe. New York Times wanaweza kwa sababu nyuma ya yule mtangazaji mnayemsikia kuna waandishi zaidi ya elfu moja. Kipindi hakitafuti habari, kinavuna zilizokwisha kulimwa.

Sasa niwarudishe. Kiswahili nacho kimelimwa, ila hakivunwi. Mwandishi wa idhaa ya Kiswahili aliyeko Goma anatuma sauti ya dakika mbili. Kwenye simu yake ana saa nzima ya mahojiano, na kichwani ana miaka yote aliyokaa pale. Anajua barabara ipi imefungwa, kamanda yupi alisoma na yupi, madini yanavukia wapi. Yote hayo yanafia kwenye simu kwa kuwa mhariri alimwomba dakika mbili. Mimi mwenyewe nimeziomba dakika mbili hizo mara nyingi. Mkalisheni mtu huyo mbele ya kipaza sauti na mtangazaji mwenye udadisi, mna kipindi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kumpeleka mtu mpya Goma.

Kampuni moja hapa Kenya inamiliki Taifa Leo na pia Mwananchi la Tanzania. Ukiuliza nani ana waandishi wa Kiswahili pande mbili za mpaka, anza hapo.

Na msisahau uandishi wa sikio. Msomaji akipotea hurudi juu, msikilizaji harudi. Sentensi ziwe fupi. Jina geni litajwe, kisha litajwe tena pamoja na kazi ya mtu huyo. Tarakimu mbili kwa dakika zinatosha, ya tatu inaisukuma ya kwanza nje. MkaaBaraza, kile kifungu chako cha Ethiopia kwenye #1, ukikisoma redioni jinsi kilivyo, utawalaza watu.

#9 MkaaBaraza (Amu)

Hahaha, mzee umenipiga mchana kweupe. Nimekusoma. Na fedha je? Redio zetu za FM hupokea matangazo ya idhaa za nje, zikajaza saa ya habari bila kuajiri mtu.

#10 MhaririMstaafu

Hapo ndipo pabaya. Tarehe 14 Machi 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kuibana ile taasisi mama ya Sauti ya Amerika, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakaambiwa wakae nyumbani. Redio ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza Januari 1938, ilizimwa Januari 2023 baada ya miaka 85. Hapa Amu kuna wazee waliokuwa hawafungui kinywa mpaka wasikie "Huna London", yaani "Hapa ni London" kwa Kiarabu. Aliyezima hakuwauliza, na hakuwa na sababu ya kuwauliza, kwa kuwa hawakuwa wakimlipa. DW inalipwa na kodi ya Mjerumani, BBC na leseni ya runinga ya Mwingereza pamoja na ruzuku ya serikali yao. Wakibadili mawazo, sisi tunakuta kimya tu kwenye masafa.

#11 BintiShela

Mzee wangu, shikamoo, lakini sitaki tuishie kuogopa mkono wa mgeni. Redio haijawahi kutufikia bila nia ya mtu. Miaka ya 1950 Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili dhidi ya ukoloni, na Mwingereza naye akitangaza kwa Kiswahili yake. Babu yangu mzaa mama alikuwa akisikiliza huku, kisha huku, akizima anasema, "Sasa tunajua wanachofichana." Alikuwa mshona kofia, hakusoma shule ya Mzungu. Kwa hiyo tuchukue cha DW, cha London, cha Wafaransa, cha Wachina pia, na juu yake tuwe na chetu. Chetu kisipokuwepo, hatuna cha kupimia vingine.

Na mlipaji awe msikilizaji. Watu wa hapa wanachangia harusi, msiba, mashindano ya jahazi. Shilingi 50 kwa mwezi kwa kipindi wanachokipenda si habari.

#12 Mtoro_wa_Mokowe

Wanachangia harusi kwa kuwa watakula pilau. Kipindi hakina pilau.

#13 FundiMasafa (Langoni)

Tuache fedha kubwa kwanza, tupige hesabu ya mzigo. Sauti ya mtu akizungumza haihitaji ubora wa muziki. Ukiihifadhi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, njia moja badala ya mbili, nusu saa ni megabaiti 7 na kidogo. Kwa kilobiti 24 ni chini ya megabaiti 5 na nusu, na maneno bado yanasikika. Hiyo inatumwa WhatsApp bila kelele. Mmoja akiipakua Amu mjini, anampa nahodha kwa Bluetooth, inafika Faza na Kizingitini bila bando hata moja. Mvuvi akiwa nje anaisikiliza tena na tena. Masafa mafupi hayakuweza hilo la kurudia.

#14 Kijana_wa_Ngomeni (Malindi)

Kama ni jaribio mimi nipo. Napendekeza mada ya kwanza: dizeli ya mashine za boti. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, wanatangaza bei, kila mtu analaani serikali, hakuna anayeeleza safari yake. Kuna mkataba wa serikali kwa serikali wa mwaka 2023 na Saudi Aramco pamoja na kampuni mbili za Falme za Kiarabu, mafuta yanaletwa kwa mkopo wa miezi sita ili dola zisitafutwe kwa mkupuo. Ukitoka hapo unaingia kwenye shilingi, kodi ya barabara anayoilipa mtu wa boti asiyeikanyaga barabara, na meli za mafuta zinazotoka Ghuba. Dunia nzima imo kwenye mtungi wa lita 20.

#15 BintiShela

Mimi nilitaka Sudan, lakini dizeli itawaleta wanaume kusikiliza. Nakubali, kwa sharti Sudan iwe ya pili na aliyekimbia Khartoum aseme mwenyewe. Wapo Mombasa, nitamtafuta mmoja aliye tayari.

#16 MhaririMstaafu

Nitahariri bila malipo, ila nakata bila huruma. MkaaBaraza asiwe mtangazaji, ana majibu mengi mno. BintiShela aulize, Kijana aeleze.

#17 MkaaBaraza (Amu)

Uzi wangu, nimepokonywa! Haya, nitakuwa wa kupiga simu kuhakikisha tarehe. Fundi, una vipaza sauti viwili?

#18 FundiMasafa (Langoni)

Kizuri ninacho kimoja. Cha pili kinanasa kila feni iliyo mtaani. Njooni Jumamosi baada ya Isha, na feni zitazimwa, kwa hiyo asije mtu na kanzu nzito.